Mgonjwa aliyetibiwa uvimbe wa ubongo kwa mionzi hasambazi mionzi

Kuna ujumbe wa siku nyingi unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: eti aliyefanyiwa upasuaji wa mionzi kichwani asipakate watoto, kwa kuwa mwili wake "unatoa mionzi". Si kweli.

Tiba hii, licha ya jina lake, haina kisu. Mashine iliyo nje ya mwili huelekeza miale myembamba kwenye uvimbe. Mashine zinazotumia kobalti, metali inayotoa mionzi, huwa na miale karibu 200, kila mmoja dhaifu. Nguvu yake hujumlika pale tu inapokutana. Kikao kikiisha hakuna kinachobaki mwilini, kama vile mwanga wa tochi usivyobaki ukutani ikizimwa.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Wapo wanaomezeshwa iodini yenye mionzi kutibu tezi ya shingo, na hao kweli huambiwa wajitenge na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa. Ushauri wao umebandikwa kwa wasiohusika, na mgonjwa anatengwa bure. Tafadhali, usiusambaze tena.

Mwenye shaka amuulize daktari wa mionzi swali moja: chanzo kilikuwa nje, au kiliingizwa mwilini?