Al Jazeera America: dhana potofu na ukweli kuhusu kufungwa kwake

Al Jazeera America, chaneli ya habari ya Marekani ya shirika la Al Jazeera linalofadhiliwa na Qatar, ilikwenda hewani New York Agosti 20, 2013, ikazimwa Aprili 12, 2016. Haikumaliza hata miaka mitatu, lakini maelezo yanayotolewa kuhusu kifo chake ni mengi, na mengi hayana miguu.

Dhana: Al Jazeera ilifungwa mwaka 2016.

Lililofungwa ni tawi moja. Al Jazeera ya Kiarabu ilianza Doha Novemba 1, 1996, na ya Kiingereza Novemba 15, 2006. Zote mbili zipo. Ukiwasha king'amuzi Dar es Salaam au Mombasa ukakutana na Al Jazeera, unatazama hiyo ya Kiingereza, ambayo uamuzi ule haukuihusu. America ilikuwa chaneli tofauti, yenye chumba chake cha habari, watangazaji wa Kimarekani na habari za Marekani zikitangulia. Mmoja wa watangazaji wake wakubwa, Ali Velshi, alizaliwa Nairobi, akakulia Canada, na alikuja huko akitokea CNN. Wengine huchanganya pia na chaneli ya Kiswahili iliyokuwa imepangwa kuwa na makao Nairobi. Hiyo haikuwahi kwenda hewani, kwa hiyo haikuwa na cha kufungwa.

Dhana: Qatar ilinunua televisheni ya Al Gore kwa sababu ilikuwa na watazamaji.

Current TV, ya Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, na mwenzake Joel Hyatt, ilikuwa na watazamaji wachache sana, na vipindi vyake karibu vyote viliachwa. Kilichonunuliwa Januari 2013, kwa bei iliyoripotiwa kuwa takriban dola milioni 500, ni nafasi kwenye kebo.

Mfumo wenyewe uko hivi. Kampuni kama Comcast, DirecTV, Dish au Verizon huziweka chaneli kwenye vifurushi, na mteja hulipa bili moja kwa mwezi. Kisha kampuni humlipa mwenye chaneli senti kadhaa kwa kila nyumba. Tuseme ni senti 10 kwa nyumba milioni 50: hizo ni dola milioni 5 kila mwezi, hata kama usiku huo hakuna aliyeifungulia chaneli yako. Ndiyo maana mikataba ya Current ilikuwa na thamani kuliko Current yenyewe.

Ila mikataba ya aina hiyo ina vifungu. Mmiliki akibadilika, au maudhui yakiwa si yale yaliyokubaliwa, kampuni hupata mlango wa kutokea. Time Warner Cable, yenye wateja kama milioni 12, iliiondoa Current mara tu mauzo yalipotangazwa. AT&T nayo ikajitoa chaneli mpya ikiwa mbioni kabisa kuzinduliwa, na Al Jazeera ikaenda mahakamani Delaware. Siku ya kwanza chaneli ilifika nyumba kama milioni 48, wakati nyumba zilizokuwa zikilipia televisheni Marekani zilikuwa kama milioni 100. Time Warner ilirudi baadaye mwaka huohuo, AT&T mwaka 2014, na hesabu ikapanda hadi karibu milioni 60. Hata hivyo, katika baadhi ya mifumo chaneli ilikaa kwenye namba za mbali, bila HD, mahali ambapo mtu hafiki kwa kubahatisha rimoti.

Dhana: Wamarekani waliikataa kwa sababu ya jina tu.

Jina liliumiza, hilo halina ubishi. Serikali ya George W. Bush iliishambulia Al Jazeera kwa maneno waziwazi kwa miaka, na watangazaji wa biashara walisita kuweka fedha zao hapo. Lakini jina hilohilo lilikuwa linatafutwa na Wamarekani wenyewe mapema 2011, waandamanaji walipojaa uwanja wa Tahrir jijini Cairo. Walitazama matangazo ya mubashara ya Al Jazeera ya Kiingereza mtandaoni, bure.

Hapa ndipo kosa kubwa lilipofanyika, kwa maoni yetu. Kampuni za kebo hazitaki kulipia kitu ambacho mteja anakipata bure kwenye kompyuta. Kwa hiyo America ilipozinduliwa, matangazo ya mubashara ya Al Jazeera ya Kiingereza mtandaoni yalifungwa kwa walioko Marekani. Waliokwisha kuizoea walikuta mlango umekomewa, wakaelekezwa kununua kifurushi cha kebo, na wengi wao walikuwa vijana wa kizazi kilichokuwa kinaanza kuikata kebo.

Dhana: kazi yake ilikuwa mbovu.

Ilishinda tuzo za utangazaji za Peabody, na iliahidi dakika kama 6 tu za matangazo ya biashara kwa saa. Watazamaji wa jioni, hata hivyo, walibaki makumi ya maelfu, huku Fox News ikipata zaidi ya milioni moja.

Dhana: iliuawa na kesi za wanamichezo.

Filamu ya uchunguzi ya Al Jazeera kuhusu dawa za kuongeza nguvu michezoni ilitoka Desemba 2015, na wachezaji wawili wa besiboli waliotajwa humo wakashtaki Januari. Kufungwa kulitangazwa Januari 13, 2016, siku chache baadaye, na watu wakaunganisha. Hasara ilikuwa ya tangu mwanzo.

Dhana: ni mafuta kushuka bei, basi.

Pipa lililouzwa zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 lilikuwa karibu dola 30 wiki ile, na Machi Al Jazeera ikatangaza kupunguza kazi kama 500, nyingi zikiwa Qatar. Mafuta yalimaliza uvumilivu wa mfadhili. Hayakuleta tatizo la watazamaji, wala mvutano wa uongozi uliomtoa mkurugenzi mkuu, Ehab Al Shihabi, Mei 2015, wala kesi ya Gore na Hyatt waliodai dola milioni 65 za mauzo ya Current zilizokuwa zimezuiwa.

AJ+, huduma ya mtandaoni ya Al Jazeera iliyoanzia San Francisco 2014 ikitengeneza video fupi za kutazamwa kwenye simu, haikufungwa pamoja na chaneli. Haikuhitaji kebo.