Mikisa ndogo kwa jazi ya jukwaani: hesabu maiki kwanza

Wanamuziki wa hapa Dodoma huniuliza mara kwa mara: mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, ya chaneli ngapi inatosha kwa bendi ndogo ya jazi? Nami huwauliza kwanza, mtapitisha nini humo? Kwenye ukumbi mdogo wa hoteli pale Area D au Kisasa, wenye vigae chini na vioo pande zote, dramu haihitaji maiki kabisa. Ukiiwekea, wenzake wote watapandisha sauti ili wasikike, na ule utulivu ambao jazi inauhitaji unatoweka. Siongelei bendi za dansi, hata zile zenye Jazz kwenye jina kama Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, ambako magitaa peke yake hujaza nusu ya mikisa. Naongelea mwimbaji, saksafoni, kinanda, dramu na besi kubwa ya mbao, ile inayopigwa kwa kusimama.

Sasa tuhesabu. Mwimbaji maiki moja, saksafoni moja, besi moja, na MC naye anataka yake. Nne zimeshakwisha, na kinanda kinachukua jeki mbili za stereo. Namba iliyoandikwa usoni mwa mikisa hujumlisha na hizo jeki za stereo, ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Yamaha MG10XU, kwa mfano, ina kumi kwenye jina, lakini viingilio vya maiki ni vinne tu. Siku mpiga tarumbeta akija kushiriki, hana pa kuchomeka. MG12XU ina sita, na kwangu mimi sita ndiyo mwanzo wa mazungumzo.

Kinachonifanya niipende zaidi hiyo ya pili ni AUX zake mbili. AUX ndiyo njia inayopeleka sauti kwenye monita, spika zinazowaelekea wapigaji wenyewe, na wanajazi wanaishi kwa kusikilizana: mpiga besi asiposikia mkono wa kushoto wa kinanda, kila mtu anaenda njia yake. Mikisa nyingi ndogo zina AUX moja, inayogombaniwa na eko, na huchukua sauti baada ya feda, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti ya chaneli. Hapo ukimpandishia mpiga saksafoni wakati wa solo yake ili ukumbi umsikie, anapanda na kwenye monita, maiki inamsikia, mluzi unaanza. Tafuta AUX yenye kitufe au maandishi ya PRE. Hiyo huchukua sauti kabla ya feda, kwa hiyo ukicheza na feda upendavyo, monita inabaki ulivyoipanga. Fedha ikibana, achana na efekti na Bluetooth, hii usiiache.

Besi ya mbao ndiyo inayowasumbua wengi. Pikapu yake ya piezo, inayonasa mtikisiko wa mbao, inataka kiingilio chenye ukinzani mkubwa, karibu megaohmu 1. Jeki ya kawaida ya mikisa ina kiloohmu 10 hivi, na ukichomeka moja kwa moja besi inatoka nyembamba, kama inaongea puani. Nunua kisanduku cha DI (kiunganishi kati ya ala na mikisa) kinachotumia umeme, upite nacho hadi kwenye kiingilio cha maiki. Kisha angalia kile kitufe cha kukata sauti za chini, kinachoandikwa 80 au 100 Hz. Kibonyeze kwa mwimbaji na kwa saksafoni, hasa mkipiga nje miezi ya kiangazi, maana upepo wa Dodoma unaingia kwenye maiki ukinguruma. Kwenye besi usikibonyeze. Uzi wake mnene unaanzia 41 Hz, na ukiubana hapo umeondoa msingi wa nyumba.

Ekwalaiza ya sehemu tatu inatosha, ila ikiwa unaweza kuchagua ni sauti zipi za kati za kupunguza au kuongeza utashukuru kwenye kumbi za vigae.

Je, dijitali ya kuendesha kwa tableti? Ni nzuri, inaweza kupeleka sauti tofauti kwenye monita nyingi. Lakini umeme ukikatika katikati ya wimbo, analogia inarudi papo hapo, wakati dijitali inaanza kuwaka upya huku watu wanakutazama. Ukiichagua, bei ya UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, iwe ndani ya bajeti. Na analogia ndogo nyingi hutumia adapta ya nje, basi beba ya akiba.

Ukienda dukani, iwe hapa mjini au Kariakoo, nenda na hedifoni na maiki yako mwenyewe. Chomeka, pandisha geini (kitufe cha kukuza sauti inayoingia) taratibu bila mtu kuongea, usikilize mchwiii wake unaanzia wapi. Kisha mwombe mwenzako aongee polepole, halafu apaze sauti kwa nguvu: taa nyekundu ya sauti kuzidi ikiwaka mapema wakati geini bado iko chini, saksafoni itaiumiza zaidi. Sogeza kila feda mara kadhaa, na utikise plagi kwenye kila kiingilio. Kikikwaruza kikiwa kipya, vumbi letu litakimaliza kabla ya mwaka, kwa hiyo omba nyingine palepale.