Mafunzo ya msaidizi wa fiziotherapia: kinachosomwa, kinachopimwa na pale wanafunzi wanapokwama

Mgonjwa aliyebadilishiwa goti, au aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, hukutana kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia, akapimwa na kupangiwa tiba. Kuanzia hapo, mara nyingi anayekuwa naye siku hadi siku, akimkunja goti, akimfundisha kupanda ngazi na kumkinga asianguke, ni msaidizi wa fiziotherapia. Nchini Marekani kazi hii ina chuo chake, mtihani wake na leseni yake. Watu wengi wanaoulizia mafunzo huanza na muda na ada. Tunawashauri waanze na jambo jingine: msaidizi anaruhusiwa kufanya nini, na wapi anatakiwa asimame? Mtaala mzima umejengwa juu ya mpaka huo, na wanafunzi wanaoushika mapema hupata wepesi katika masomo yote yanayofuata.

Mpaka wenyewe uko hivi. Kutathmini mgonjwa, kutambua tatizo, kuweka malengo, kubadili mpango wa tiba na kumruhusu mgonjwa amalize tiba ni kazi ya mtaalamu. Msaidizi hutekeleza sehemu za mpango alizokabidhiwa, hupima maendeleo, na huruhusiwa kufanya marekebisho yaliyo ndani ya mpango huo. Tuseme mpango unataka mgonjwa anyooshe goti kwa uzito wa kilo 2, seti 3 za mara 10. Leo goti limevimba na lina joto kuliko juzi. Msaidizi anaweza kupunguza uzito, kupunguza seti au kusitisha zoezi, kisha akamwarifu mtaalamu. Asichoweza ni kuanza kutibu bega eti kwa sababu mgonjwa amesema nalo linamuuma. Hilo linarudi kwa mtaalamu, hata kama msaidizi anaona wazi shida ni nini.

Kada hii ilikubaliwa rasmi na chama cha wanafiziotherapia wa Marekani mwaka 1967, na wahitimu wa kwanza wakatoka mwaka 1969. Haifanani na ya mhudumu wa chumba cha fiziotherapia, anayeandaa vifaa na kusafisha vitanda, ambaye hujifunzia kazini na hana leseni. Matangazo ya kazi huwachanganya hawa wawili mara kwa mara, kwa hiyo soma sifa zinazotakiwa na usitegemee jina la kazi tu.

Chuoni

Programu huchukua takriban miaka 2, kwa kawaida mihula 5, na humalizika kwa shahada ya miaka 2. Karibu robo tatu ya muda ni darasani na maabara. Robo inayobaki ni mafunzo kwa vitendo hospitalini na katika vituo vya tiba. Kabla ya kupokewa, programu nyingi hutaka uwe umefaulu anatomia na fiziolojia zenye maabara. Kabla ya kugusa mgonjwa utatakiwa pia chanjo, kipimo cha kifua kikuu, cheti cha kuokoa maisha na ukaguzi wa rekodi za jinai. Anza kuzikusanya mapema, maana mtu anaweza kuukosa muhula kwa sababu ya chanjo ya homa ya ini, ambayo hutolewa kwa dozi zaidi ya moja zenye nafasi ya wiki au miezi kati yake.

Anatomia ndiyo inayoangusha wengi, na sababu ni namna ya kuisoma. Mwanafunzi hukariri majina ya misuli na mahali inaposhikilia, akaishia hapo. Kila msuli usome pamoja na kazi yake, mshipa wa fahamu unaouendesha, na kile ambacho mgonjwa atashindwa kufanya ukidhoofika. Chukua msuli wa kati wa tako. Ukidhoofika upande wa kulia, mgonjwa akisimamia mguu wa kulia nyonga yake ya kushoto inashuka. Ukishaelewa hilo, huhitaji kukariri kwa nini fimbo hushikwa kwa mkono wa upande mzima: mkono wa kushoto ukisukuma fimbo chini, unasaidia kuizuia nyonga ya kushoto isishuke, na msuli dhaifu wa kulia unapata ahueni. Wagonjwa wengi hushika fimbo upande wa mguu unaouma kwa sababu wanahisi ndiyo sahihi, na msaidizi anatakiwa aweze kuwaeleza kwa maneno mepesi.

Kumhamisha mgonjwa

Maabara hutumia muda mwingi kwenye kumtoa mgonjwa kitandani na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Jambo linaonekana dogo, lakini hapa ndipo wagonjwa huanguka na wasaidizi huumia migongo.

Kwa aliyepooza upande mmoja, kiti huwekwa upande wake wenye nguvu, kikielekezwa kitandani kwa pembe ya nyuzi kama 45. Funga breki zote mbili. Inua au ondoa vikanyagio; kikanyagio kilichosahaulika huchana ngozi ya muundi, na ngozi ya mzee huchukua muda mrefu kupona. Mvishe mkanda wa kumshikia kiunoni juu ya nguo, ukiacha nafasi ya vidole 2, isipokuwa kama ana kidonda kipya cha upasuaji wa tumbo au kitu kingine kinachouzuia. Kisha mgonjwa asogeze makalio hadi ukingoni mwa kitanda, nyayo zikanyage sakafu, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Mwambie ainame mbele hadi pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo ainuke. Wewe zuia goti lake dhaifu kwa goti lako lisije likakunjika ghafla, na shika mkanda kutoka chini, kiganja kikitazama juu.

Makosa yanayojirudia ni matatu. La kwanza, mgonjwa anaambiwa asimame huku miguu iko mbali mbele. Uzito wa mwili unabaki nyuma na anarudi kitandani kwa kishindo. La pili, anaachwa amkumbatie msaidizi shingoni, na akiteleza wanakwenda chini wote. La tatu ndilo baya zaidi: kumvuta kwa mkono uliopooza. Misuli inayolishikilia bega hilo imelegea, na mvuto mdogo tu unaweza kuuchomoa mfupa nusu kutoka kwenye kikombe chake, akabaki na maumivu ya miezi mingi.

Magongo na ngazi

Magongo ya kwapani hupimwa mgonjwa akiwa amesimama na viatu vyake. Kichwa cha gongo kibaki takriban sentimita 5 chini ya kwapa, ncha ikae kama sentimita 15 mbele na pembeni ya mguu, na kiwiko kikunjike nyuzi 20 hadi 30 anaposhika mpini. Uzito hubebwa na viganja. Gongo likiwa refu mno, mgonjwa hulilalia kwa kwapa, mishipa ya fahamu inabanwa na mkono unaanza kufa ganzi au kukosa nguvu.

Ngazini, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mbovu na magongo vikafuata. Kushuka ni kinyume: magongo na mguu mbovu kwanza. Msaidizi husimama upande wa chini kila wakati, yaani nyuma ya mgonjwa akipanda na mbele yake akishuka, miguu yake ikiwa kwenye vidato viwili tofauti, mkono mmoja kwenye mkanda. Daktari akisema mguu ubebe kilo 20 tu, usimwambie mgonjwa “kanyaga kidogo”. Mkanyagishe kwenye mizani ya kawaida ya kupimia uzito mpaka auzoee uzito huo, kisha mpime tena kesho yake, kwa kuwa watu wengi husahau upesi na kukanyaga kwa nguvu kupita kiasi.

Kupima

Mkunjo wa goti hupimwa kwa goniometa, kifaa chenye mikono miwili cha kupimia pembe ya kiungo. Kitovu chake hukaa kwenye uvimbe wa mfupa wa paja upande wa nje wa goti, mkono usiosogea huelekea kwenye nundu ya mfupa wa paja karibu na nyonga, na unaosogea huelekea kwenye kifundo cha nje cha mguu. Papasa mifupa kwa vidole. Usikisie, wala usipime juu ya suruali nene. Tofauti ya nyuzi chini ya 5 kati ya leo na juzi inaweza kuwa ni ya mkono wa mpimaji tu, kwa hiyo usimpe mgonjwa habari njema au mbaya kwa sababu yake.

Muhimu kuliko goniometa ni mapigo ya moyo, shinikizo la damu na oksijeni. Mgonjwa aliyelala kitandani siku kadhaa hupimwa shinikizo akiwa amelala, kisha akiwa amesimama au ameketi. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 baada ya kusimama, damu haifiki vizuri kichwani na anaweza kuzimia mikononi mwako. Mrudishe aketi au alale, pima tena, toa taarifa. Vivyo hivyo shavu la mguu mmoja likiwa limevimba, lina joto na linauma siku chache baada ya upasuaji: usilikande, usimtembeze mgonjwa, mwite mtaalamu au muuguzi mara moja. Huenda ni donge la damu, na likisafiri hadi mapafuni linaua.

Joto nalo lina madhara yake. Pakiti za moto hutolewa kwenye maji ya nyuzi joto 70 hivi, hufungwa kwa tabaka 6 hadi 8 za taulo na kuwekwa kama dakika 20. Kabla ya kuweka, jaribu kama mgonjwa anatofautisha moto na baridi mahali hapo. Baada ya dakika 5, funua uangalie ngozi. Usimlaze juu ya pakiti. Uzito wake hugandamiza taulo, damu inayopoza ngozi haipiti vizuri, na wakati huo wewe huioni ngozi.

Kuandika

Kila tiba huandikwa: alichosema mgonjwa, ulichopima na kufanya, maana yake kwa malengo yaliyowekwa, na kitakachofuata. “Ametembea vizuri” haimsaidii yeyote. Andika umbali, kifaa, na kiasi cha msaada. Msaada mdogo maana yake mgonjwa anafanya asilimia 75 au zaidi ya kazi. Wa kati, 50 hadi 74. Mkubwa, 25 hadi 49. Rekodi pia lazima ionyeshe nani alitoa tiba. Tangu Januari 2022, Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, hulipia huduma za wagonjwa wa nje zilizotolewa na msaidizi kwa asilimia 85 ya kiwango cha kawaida, hata pale alipofanya sehemu tu ya kazi inayozidi asilimia 10.

Vitendo, mtihani na leseni

Mafunzo kwa vitendo ya muda wote huchukua takriban wiki 16, yakigawanywa katika vituo tofauti. Omba uone hospitali inayolaza wagonjwa hata kama unapenda kutibu wanamichezo; huko ndiko mwanafunzi hujifunza kumtembeza mtu mwenye mirija na dripu bila kuing'oa. Wanafunzi wengi huogopa kumwambia msimamizi “sijawahi kufanya hili peke yangu”. Msimamizi mzuri anataka kusikia sentensi hiyo kabla, si baada.

Mtihani wa kitaifa huendeshwa na FSBPT, shirikisho la bodi za majimbo. Ni wa saa 4, wa maswali ya kuchagua. Alama huwekwa kwenye kipimo cha 200 hadi 800, na kufaulu ni 600. Unaruhusiwa kujaribu mara 3 ndani ya miezi 12, na mara 6 maishani. Maswali mengi humweleza mgonjwa na kuuliza hatua inayofaa kuchukuliwa. Mtego wake ni jibu lililo sahihi kitabibu lakini linalomhusu mtaalamu, ukilichagua, umekosa. Ukishafaulu unaomba leseni ya jimbo, na baadhi ya majimbo huongeza mtihani wa sheria zake. Sheria hizo hutofautiana, kwa mfano kuhusu kuvuta na kusogeza viungo kwa mikono, hivyo ukihama jimbo zisome upya.

Kabla ya kulipa hata senti moja, hakikisha programu imeidhinishwa na CAPTE, tume inayokagua programu za mafunzo ya fiziotherapia. Isipoidhinishwa, kwa kawaida huruhusiwi kufanya mtihani, na chuo kikiwa “katika mchakato”, uliza kwa maandishi kimefikia hatua gani. Jihadhari na anayeahidi kukufundisha yote kupitia intaneti. Nadharia inawezekana, maabara na vitendo haviwezekani. Na kama nia yako ya mwisho ni kuwa mtaalamu kamili, jua mapema kwamba masomo ya usaidizi mara nyingi hayahesabiwi kwenye udaktari wa fiziotherapia, shahada anayosomea mtaalamu. Utahitaji shahada ya kwanza, kisha takriban miaka 3 zaidi, na programu za kuwavusha wasaidizi kwenda ngazi hiyo ni chache sana.