ISBN hailindi kitabu chako, naomba tuelewane

Naomba niliseme hili taratibu. ISBN, ile namba ndefu inayokaa nyuma ya kitabu pamoja na barkodi, hailindi kitabu chako. Haimzuii mtu kukiiba, haithibitishi kwamba ni wewe uliyekiandika, na haikupi hakimiliki. Nimeshalieleza kwenye simu, kwenye meseji, kwenye uzinduzi wa vitabu vya watu nikiwa nimeshika sahani ya pilau, na wiki hii tena kanipigia kaka mmoja wa Usa River, riwaya yake imekamilika, anaongea kwa furaha mpaka na mimi nikafurahi, nikamwambia basi nitumie niisome. Akasema hapana dada, mswada wangu hautoki mpaka nipate ISBN, watu wataniibia.

Hapo ndipo ninapoumia. Kukosea maana ya namba ni jambo dogo. Shida ni kwamba kwa sababu ya hiyo namba mtu anakataa kusomwa, na kitabu ambacho hakijasomwa na mtu yeyote kabla ya kwenda kwa mpiga chapa kinatoka na makosa ambayo jirani yake tu angeyaona.

Kazi yangu ni kuhariri na kupanga kurasa za vitabu vya waandishi wanaojichapishia huku Arusha na Moshi. Nahudumia wachungaji, walimu wastaafu, waongoza watalii wanaoandika habari za mlimani, mabinti wa riwaya za mapenzi ambao wanauza kuliko wote. Na mimi mwenyewe naandika usiku watoto wakishalala, sasa hivi niko kwenye riwaya ya familia ya wakulima wa kahawa kule Machame. Kwa hiyo hofu ya kuibiwa naijua, siidharau. Ila dawa yake siyo hii.

Tuanze na hakimiliki. Unayo tayari. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inailinda kazi kwa sababu tu imetungwa, basi, hakuna fomu ya kujaza kwanza wala mhuri, na haiangalii hata kama kazi yenyewe ni nzuri au mbaya. Siyo sheria yetu peke yetu, Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, upo tangu 1886 na Tanzania tuliingia 1994, na msingi wake mmojawapo ni huohuo, kwamba ulinzi hausubiri usajili. Kwa sheria yetu unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya wewe kufa. Yaani ukiandika sura ya kwanza leo kwenye daftari la shule, kwa peni ya bluu, hiyo sura ni yako leo, na wanao watairithi.

Halafu fikiria hili. Hapa Arusha mjini tuna uwanja wa mpira wenye jina la mshairi, Sheikh Amri Abeid. Alifariki 1964. Shaaban Robert alifariki 1962. ISBN imekuja kuwa mfumo wa kimataifa mwaka 1970. Wazee hao walitunga, wakachapisha, wakasomwa mpaka shuleni, na hiyo namba hawakuwahi kuiona. Utaniambia mashairi yao hayakuwa mali yao?

Sasa ISBN yenyewe ni nini. Ni namba ya stoo. Ilianzia Uingereza miaka ya 1960 pale wauza vitabu walipotaka kuingiza stoo zao kwenye kompyuta, wakahitaji kila kitabu kiwe na namba moja isiyogongana na ya kingine. Mpaka mwisho wa 2006 ilikuwa tarakimu 10, kuanzia Januari 2007 ni 13. Mwanzo ni 978 inayosema hii bidhaa ni kitabu, kisha namba ya nchi au kundi la lugha, ya kwetu mara nyingi utaona 9976 au 9987, kisha namba ya mchapishaji, kisha ya kitabu chenyewe, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki. Hapa nchini inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Maktaba, jamani. Wao kazi yao ni vitabu vijulikane na vipatikane, mambo ya wizi yana ofisi yake nyingine nitaifikia.

Hiyo tarakimu ya mwisho naipenda sana, acha niioneshe. Chukua namba zako zote 13, ya kwanza uzidishe kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyohivyo mpaka mwisho, ujumlishe. Jibu lazima ligawanyike kwa 10 bila kubaki kitu. Lisipogawanyika kuna tarakimu umekosea. Mimi nafanya hii hesabu kwa kila kava kabla haijaenda kuprintiwa, na imeshaniokolea watu. Ila ina tundu: ukigeuza tarakimu mbili zilizokaa jirani na tofauti yake ikawa 5, tuseme 2 na 7, hesabu inatoka sawa na namba ni ya uongo. Kwa hiyo ukishamaliza hesabu rudi kwenye karatasi uliyopewa, soma moja moja kwa sauti, mwenzako afuate kwenye kava.

Haya, tuje kwenye kinachonikera kuliko vyote, nacho ni kuazimana ISBN. Kuna watu mjini wana kampuni, walipewa fungu la namba, sasa wanaziuza moja moja kwa waandishi. Unalipa, unatumiwa namba kwa WhatsApp, unaweka nyuma ya kitabu, roho inatulia. Lakini ile namba katikati ina utambulisho wa mchapishaji, na mchapishaji huyo ni yule aliyekuuzia, siyo wewe. Kwenye kumbukumbu kitabu chako kimeingia kwa jina lake. Siku shule ya Karatu au duka la Nairobi likitafuta nani anatoa hiki kitabu, jina linalokuja ni la yule aliyekuuzia namba, ambaye pengine hata nakala moja hana na simu yako ameshaifuta. Na sababu nzima ya wewe kujichapishia ilikuwa ujisimamie! Umelipia mtu mwingine aonekane ndiye mwenye kitabu sokoni.

Nisieleweke vibaya hapa maana wengine wakisikia hivi wanaruka upande wa pili, wanalia kwamba wameshanyang'anywa kitabu. Hapana. Namba ikiwa ya mtu mwingine hakimiliki inabaki kwako, ISBN haihamishi haki kama ambavyo haileti haki. Kinachohamisha haki ni karatasi uliyosaini. Na mara nyingi wanaouza ISBN wanauza kifurushi kizima, namba, kava, kuprintiwa nakala mia mbili, na ndani ya kifurushi kuna mkataba wa ukurasa mmoja ambao hakuna anayeusoma. Nimeonyeshwa mmoja na mwalimu mstaafu wa Moshi, mzee wa watu, mstari wa nne umeandikwa mwandishi anakabidhi haki zote za kazi hii. Haki zote! Kuchapa, kutafsiri, kusoma redioni, kutengeneza filamu, kila kitu, kwa nakala ambazo kazilipia mwenyewe. Alikuwa na wasiwasi wa mwizi wa mtaani, na mwenye kumchukulia kitabu alikuwa amekaa naye meza moja wanakunywa soda.

Kwa hiyo ukipewa mkataba tafuta mambo haya na uyasome ukiwa nyumbani, siyo pale ofisini kwao. Haki zipi hasa unatoa, kuchapa tu au na tafsiri na sauti na filamu. Kwa muda gani. Kwa eneo gani. Na wasipokichapa tena kikiisha, haki zinarudi lini. Kama hakuna muda wala eneo lililoandikwa, usisaini, rudisha waandike. Akikwambia huu ndio mkataba wetu wa kawaida mwambie sawa na mimi kawaida yangu ni kusoma. Haki ya kutajwa kama mtunzi hiyo ni ya kwako binafsi, usimruhusu mtu akuambie nayo imo kwenye bei.

Ofisi niliyosema ni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki. Pale unaweza kusajili kazi yako, na nashauri usajili, ila elewa unanunua nini: ushahidi. Usajili haukuzalishii haki, unakusaidia siku ya ubishi kuonyesha kwamba tarehe fulani kazi hii ilikuwa mikononi mwako kwa jina lako. Ushahidi mwingine ni wa bure kabisa na watu wanautupa. Madaftari ya mwanzo yenye mikwaruzo, yatunze. Mafaili ya Word ya kila hatua, usifute, yape tarehe. Jitumie mswada kwa barua pepe. Ukimpa mtu asome, mtumie kwa barua pepe na useme wazi nakupa usome, usigawe. Ukurasa wa haki ndani ya kitabu uandike jina lako na mwaka, kisha nani kachapisha na nani kapiga chapa. Ukijichapishia mchapishaji ni wewe, yule wa mashine pale Kaloleni kakupigia chapa tu na umemlipa mkamalizana.

Na kuna kitu sheria hailindi hata ufanyeje, wazo. Dada mmoja alikuja analia kwamba mwenzake kaandika riwaya ya mpagazi wa Kilimanjaro anayempenda mtalii, na yeye ndiye aliyeanza kulisema hilo wazo kwenye mkutano wao wa waandishi. Nilimwonea huruma kweli ila wapagazi wapo maelfu na mapenzi yapo kila siku. Kinacholindwa ni maneno yako, jinsi ulivyoisimulia. Nilimwambia nenda kaandike ya kwako, zitasomwa zote mbili.

Sasa niseme na yale yanayonisumbua mwenyewe, maana nikiishia hapo nitakuwa nimewapa picha ya uongo. Hata ukiwa na haki, na cheti, na madaftari, bado stationeri iliyo karibu na chuo itatoa fotokopi ya kitabu chako saa sita mchana mlango wazi, na PDF yako ikishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp imeshaenda. Kesi inataka hela na muda, na mwandishi aliyeuza nakala mia tatu hana vyote viwili. Watu wananiuliza nishitaki? na mara nyingi najikuta nawaambia kwanza mwende mkaongee na mwenye duka, na sijui kama nawashauri vizuri au nawafundisha wezi kwamba hakuna kitu kitawapata. Lingine, kama wewe unauza vitabu vyako mwenyewe kanisani na kwenye semina, mkono kwa mkono, na huna mpango wa duka wala maktaba, sina hakika unaihitaji ISBN leo. Wenzangu kwenye hii kazi hawapendi nikisema hivyo. Mimi naona hiyo hela ingemlipa mhariri kwanza.

Ukifika wakati wa kuichukua, ichukue kwa jina lako mwenyewe. Jalada laini na jalada gumu kila moja namba yake, na ePub, yaani kitabu cha kusomea kwenye simu au kompyuta, nayo namba yake. Ukirudia kuchapa bila kubadilisha yaliyomo namba ni ileile, kurekebisha makosa ya kutaipu au kubadilisha bei hakuleti namba mpya, ukiongeza sura hilo ni toleo jipya na namba mpya. Barkodi omba faili lenyewe, usipige skrinshoti ukabandika. Mistari iwe myeusi juu ya nyeupe, usiifanye myekundu ili ifanane na kava, skana nyingi zinatumia mwanga mwekundu na kwa mwanga huo mistari myekundu inapotea, haisomeki.

Ila kabla ya yote hayo mtafute mtu asome. Siyo mke wako atakayekusifia, tafuta msomaji wa riwaya, ikiwezekana wawili wasiofahamiana, na mmoja awe mtu ambaye hukuwahi kumhadithia hiyo hadithi, ili usikute anajaza mwenyewe mahali ulipoacha pengo. Uwape wiki kadhaa na uwaombe waweke alama pale walipochoka na pale waliporudi nyuma kusoma tena kwa sababu hawakuelewa. Sehemu hizo mbili ndizo zinazonisaidia mimi kuliko maoni yote ya jumla. Na mkituma kwangu tuma Word, siyo PDF, mistari iachane, kurasa ziwe na namba, na jina lako na namba ya simu viwe ukurasa wa kwanza, maana nimeshapokea riwaya nzima, nzuri, kutoka kwa mtu ambaye mpaka leo simjui ni nani.