Aritz Aduriz, mshambuliaji aliyepanda ngazi baada ya miaka 31

Nianze na namba nne: 14, 16, 18, 20. Hayo ni mabao ya ligi aliyofunga Aritz Aduriz katika misimu minne mfululizo akiwa na Athletic Club ya Bilbao, kuanzia 2012/13 hadi 2015/16. Msimu wa kwanza aliuanza akiwa na miaka 31, wa nne akaumaliza akiwa na 35. Katika umri ambao washambuliaji wengi wameshatundika daruga, au wanaingizwa dakika kumi za mwisho kwa heshima ya jina, yeye alikuwa anaongeza mabao mawili kila mwaka.

Mimi nafundisha washambuliaji vijana. Hispania imetoa wengi maarufu kuliko Aduriz: Raúl, Villa, Torres. Nimewaangalia wote na nawaheshimu. Lakini ile kasi ya Torres wa Liverpool siwezi kumpa kijana yeyote, kaja nayo au hakuja nayo. Kazi ya Aduriz inaelezeka. Unaweza kuisimamisha kwenye video, ukairudisha nyuma, ukamwonyesha mtoto mguu ulikuwa wapi na macho yalikuwa yanatazama nini.

Chukua vichwa. Aduriz ana urefu wa kama sentimita 182, na kwenye ligi ya Hispania alikuwa anakabwa na mabeki wa kati waliomzidi kimo. Bado alikuwa mmoja wa wapigaji vichwa wakali kabisa wa ligi ile. Siri ya kwanza ni mahali pa kusimama. Krosi ikiandaliwa upande wa kulia, beki wa kati analazimika kuutazama mpira. Akiutazama mpira, hamwoni aliye mgongoni kwake. Hapo ndipo Aduriz alipopenda kukaa, nyuma ya bega la beki, kisha anateleza hadi nguzo ya pili na kumkuta beki wa pembeni, ambaye mara nyingi ni mfupi na hakuzoea kugombea mipira ya juu. Pambano alikuwa ameshalishinda kabla mpira haujapigwa.

Siri ya pili ni muda wa kuruka. Vijana wangu karibu wote wanaruka mpira ukishafika. Wanasubiri waone unakwenda wapi, halafu ndiyo wanajirusha, na wakati huo beki naye anaruka, kwa hiyo anayeamua ni kimo na uzito. Aduriz aliondoka ardhini kabla ya beki. Ukiwa wa kwanza kupanda, beki anayekuja baadaye anakukuta uko juu tayari na mabega yako yamefika, na kila anavyojaribu kukufikia ama anakusukuma na kupigiwa filimbi, ama anabaki chini yako. Watazamaji walisema alikuwa anaelea hewani. Hakuna binadamu anayeelea. Alitangulia tu, na aliweza kutangulia kwa sababu alishausoma mpira tangu ulipokuwa kwenye mguu wa mpigaji.

Naamini hiyo ndiyo sababu umri haukumpunguza. Miguu inachoka, kasi inaondoka, lakini kuusoma mpira kunaongezeka kila mechi unayocheza. Mshambuliaji aliyejengwa juu ya mbio akifika miaka 30 anaanza kupoteza mtaji wake. Aduriz katika umri huo ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuvuna wake.

Na kabla ya kuvuna alizunguka sana. Alizaliwa San Sebastián tarehe 11 Februari 1981. Alilelewa kisoka na Antiguoko, klabu ya vijana ya mji huo ambayo pia ilipitiwa na Xabi Alonso na Mikel Arteta. Wenzake hao walipanda haraka. Yeye alicheza madaraja ya chini, akaonjeshwa timu ya kwanza ya Athletic mwaka 2002 chini ya kocha Jupp Heynckes, akaachwa, akaenda Burgos, kisha Valladolid. Athletic wakamrudisha katikati ya msimu wa 2005/06 walipokuwa wanapambana wasishuke daraja, na mwaka 2008 wakamuuza Mallorca. Huko alikuwa na misimu miwili mizuri, wa pili timu ikamaliza ya tano. Valencia wakamchukua mwaka 2010, mwaka uleule David Villa alipoondoka kwenda Barcelona. Valencia ya Unai Emery ilikuwa pia imemleta Roberto Soldado, na taratibu Aduriz akawa mtu wa benchi.

Mwaka 2012 Athletic wakamnunua tena. Ili uelewe uamuzi ule, lazima uelewe klabu yenyewe. Athletic hutumia wachezaji wa Kibasque tu, waliozaliwa au waliokuzwa kisoka katika eneo la Wabasque, lililoko kaskazini mwa Hispania na kuingia kidogo Ufaransa. Fernando Llorente, namba tisa wao, alikuwa amegoma kuongeza mkataba, na mwaka uliofuata alikwenda Juventus. Klabu nyingine yoyote ingetafuta mshambuliaji Brazil au Argentina. Athletic walikuwa na orodha fupi sana ya watu wa kumpigia simu, na kwenye orodha ile kulikuwa na mtu wa miaka 31 waliyekwisha kumwacha mara mbili.

Akapewa jezi namba 20. Akakuta timu ambayo mawinga na mabeki wake wa pembeni, akina Susaeta, De Marcos na Iraola, walikuwa wanaleta krosi mechi nzima. Kwa mara ya kwanza alicheza kwenye timu iliyopangwa kulisha kile hasa alichokijua. Nasisitiza hili kwa sababu makocha tunapenda kusema mchezaji fulani "amechelewa kukua", kana kwamba tatizo lilikuwa lake peke yake. Tangu Mallorca ujuzi huo alikuwa nao. Kilichopungua kilikuwa mipira ya kutosha.

Agosti 2015 Athletic walikutana na Barcelona kwenye Super Cup ya Hispania. Barcelona ya Luis Enrique ilikuwa imetoka kubeba mataji matatu makubwa msimu mmoja, Messi na Suárez wakiwa mbele. Mechi ya kwanza San Mamés, uwanja wa Athletic, iliisha 4-0, na Aduriz alifunga matatu. La kwanza kati ya hayo lilikuwa kichwa kutokana na krosi ya Sabin Merino, la mwisho penalti. Kwenye marudiano Camp Nou, Messi alitangulia kufunga, Aduriz akasawazisha, 1-1. Jumla 5-1, manne kati ya matano ni ya mtu mmoja wa miaka 34. Lilikuwa taji la kwanza la Athletic tangu mwaka 1984.

Msimu huo alifunga mabao 36 katika mashindano yote na kuwa mfungaji bora wa Europa League kwa mabao 10. Timu ya taifa, iliyomchezesha mara moja tu mwaka 2010 dhidi ya Lithuania, ikamkumbuka na kumpeleka Euro 2016 nchini Ufaransa. Tarehe 3 Novemba 2016 aliwafunga Genk ya Ubelgiji mabao matano peke yake katika ushindi wa 5-3. Matatu yalikuwa penalti, na kuna watu hulitaja hilo kwa kulidharau. Mimi silidharau hata kidogo. Kumtazama kipa yuleyule mara tatu usiku mmoja, wewe ukijua kwamba naye sasa anakujua, kunataka kichwa kilichotulia mno. Siku tisa baadaye aliifungia Hispania dhidi ya Macedonia na kuwa mfungaji mwenye umri mkubwa zaidi katika historia ya timu hiyo hadi wakati huo, miaka 35 na siku 275.

Kisha nyonga ikaanza kumsumbua. Kuruka kote kule kunalipiwa mahali fulani, na kwa mpigaji vichwa hulipiwa na nyonga, magoti na mgongo. Agosti 2019 alitangaza kwamba msimu unaoanza ndio wa mwisho. Siku chache baadaye, tarehe 16, Barcelona walikuja San Mamés kwa mechi ya ufunguzi. Ilikuwa 0-0 alipoingia dakika ya 88 kuchukua nafasi ya Iñaki Williams. Ander Capa akaleta krosi kutoka kulia, Aduriz akiwa ameligeuzia goli mgongo, akajirusha na kupiga tikitaka. 1-0. Alikuwa na miaka 38.

Mwisho uliosubiriwa ulikuwa fainali ya Copa del Rey, Kombe la Mfalme wa Hispania, dhidi ya Real Sociedad, klabu ya mji aliozaliwa. Korona ikasimamisha kila kitu, na klabu zote mbili zikakubaliana kuiahirisha zikitumaini mashabiki wangeruhusiwa kurudi. Nyonga haikusubiri. Mei 2020 alieleza kwamba madaktari wamemshauri afanyiwe upasuaji haraka na kuwekewa nyonga bandia, ili aweze kuishi maisha ya kila siku kwa namna ya kawaida. Akastaafu akiwa na mabao 172 kwa Athletic. Fainali ilikuja kuchezwa Aprili 2021, viti vya uwanja vikiwa vitupu, na Real Sociedad wakashinda 1-0.

Nikiwaonyesha vijana bao la tikitaka, wote wanataka kuuona mguu wa mwisho. Mimi nasimamisha video mapema, Capa akiwa bado hajaupiga mpira, na kuwaambia wamtafute Aduriz kwenye picha, waseme anaangalia wapi.