4K ni nini hasa, na kwa nini "inasapoti 4K" ni jambo lingine

Ulizia Kariakoo monita ya 4K ya kuchezea gemu, na kuna jibu utalipata mapema sana: "Hii inasapoti mpaka 4K, bosi wangu." Siku hizi nalisikia pia kwa wanunuzi wenyewe, vijana waliojichanga wakajenga kompyuta ya maana, kadi ya grafiki inayochora picha peke yake ina bei ya pikipiki, halafu wanarudi nyumbani na kioo ambacho hakina uwezo wa kuonyesha hata nusu ya kazi ya kadi hiyo. Inaniuma, kwa sababu hela inapotelea kwenye neno moja tu.

Maana yenyewe ni fupi. Rezolusheni ni idadi ya nukta, yaani pikseli, zilizomo kwenye kioo kwa upana na kwa kimo. Full HD ni 1920 kwa 1080, jumla nukta 2,073,600. Monita ya 4K ni 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400, mara nne kamili. Katikati yake ipo 2560 kwa 1440, yenye nukta 3,686,400. Nukta hizo huwekwa kiwandani. Hakuna kebo, programu wala fundi wa kuziongeza baadaye.

Kilichovuruga watu ni majina. Enzi za TV za chogo, picha ilichorwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo watu wa televisheni walihesabu mistari. Mfumo wa PAL tuliokuwa tunautumia huku ulikuwa na mistari 625, na 576 kati ya hiyo ndiyo iliyobeba picha yenyewe. Tulipozimiwa analojia hapa Dar usiku wa kuamkia mwaka 2013, tukahamia kwenye ving'amuzi na kuanza kusikia HD kila kona, hesabu ilibaki ileile ya mistari: 720p, 1080p. Ukiona hiyo p, ujue namba inataja kimo.

Watu wa sinema wao walihesabu upana. Studio kubwa za Hollywood ziliungana mwaka 2002 kupanga viwango vya sinema za kidijitali, zikavitoa mwaka 2005, na humo 2K ni nukta 2048 kwa upana, 4K ni nukta 4096. K ni elfu, ileile ya anayekuandikia "nirushie 50K". Watengenezaji wa TV hawakuichukua 4096. Walichukua Full HD, wakaizidisha mara mbili upana na mara mbili kimo, wakapata 3840 kwa 2160, na mwaka 2012 chama cha kampuni za elektroniki cha Marekani kikaibatiza Ultra HD. Jina hilo halikukaa midomoni mwa watu, 4K ndilo lililokaa, ingawa hizo 3840 hazifiki hata elfu nne. Ndiyo maana mtu hutaja 1080p na 4K kwa pumzi moja akidhani ni kipimo kimoja, kumbe moja ni kimo na nyingine ni upana. Kwa hesabu ya zamani, 4K ingeitwa 2160p.

Na hapohapo ndipo 2K ilipopotezwa. Madukani, 2K ni 2560 kwa 1440. Ukifuata hesabu ya sinema, Full HD iko karibu zaidi na 2K kuliko hiyo, na kuna tableti za nukta 2000 kwa 1200 zinazouzwa kwa jina hilohilo. Simlaumu muuzaji, maana mji mzima unasema hivyo na hata maboksi mengine yanasema hivyo. Ila ukisikia 2K bado hujajua unauziwa nini. Dai namba zote mbili, upana na kimo.

Turudi kwenye "inasapoti". Neno hili lina maana yake halali: chombo kinaweza kupokea picha ya 4K kutoka nje bila kugoma. Swali ni kinaifanyia nini kikishaipokea. Kama kioo chake ni cha 1920 kwa 1080, kitaikanda ile picha mpaka itoshee, na kila nukta nne zilizoletwa zitabanwa kuwa moja. Projekta nyingi ndogo za bei nafuu ziko hivyo, na stika imebandikwa 4K kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Tena usidhani kufungua mipangilio ya Windows kutakuokoa. Windows huuliza chombo kinapokea nini, chombo kikijibu 3840 kwa 2160, hiyo ndiyo itakayoandikwa pale. Muuzaji akikuonyesha namba hiyo amekuthibitishia kinachopokelewa tu.

Kipimo cha kweli unakifanya mwenyewe palepale dukani. Weka rezolusheni 3840 kwa 2160 na ukubwa wa maandishi asilimia 100. Fungua programu ya kuchorea ya Paint, chora mstari mweusi wa wima wenye unene wa pikseli moja, acha pikseli moja nyeupe, chora mwingine, kisha kopi mpaka upate mraba wa kama kiganja. Utazame bila kuukuza, na kama macho yanashindwa, sogeza kamera ya simu karibu na kioo. Kioo cha 4K cha kweli kitakuonyesha mistari imetengana, mweusi, mweupe, mweusi. Kioo kinachosapoti tu kitakupa bamba la kijivu, maana mweusi na mweupe vimelazimika kuishi kwenye nukta moja.

Kwa mwenye mashine ya gemu hasara inakuwa mara mbili. Gemu ikiwekwa 4K, kadi inakokotoa nukta zaidi ya milioni nane kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu. Fremu zinapungua, feni zinapiga kelele, LUKU inakwenda, kisha kioo kinazitupa robo tatu. Utapata kingo laini kidogo, basi. Mashine ileile kwenye kioo cha kweli cha 2560 kwa 1440 ingekupa gemu inayokimbia na picha kali kuliko hiyo. Mambo yanazidi kuchanganya kwa sababu ya DLSS na FSR, teknolojia za kuchora gemu kwa nukta chache kisha kuikuza: ukichagua DLSS ya kiwango cha Quality kwenye 4K, gemu yenyewe inachorwa kwa 2560 kwa 1440, halafu inakuzwa kabla ya kutumwa kwenye kioo. Kwa hiyo kuna rezolusheni ya gemu, kuna ya picha inayotumwa, na kuna ya kioo. Mbili za kwanza utabadilisha upendavyo. Ya tatu unainunua mara moja.

Mengine niyapitie haraka. Kebo ya HDMI 2.0 inaishia 4K kwa 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo monita ya 4K ya 144Hz inataka HDMI 2.1, au kebo ya aina nyingine, DisplayPort 1.4, yenye mbano wa picha wa DSC, na chomeka kwenye kadi ya grafiki, si kwenye ubao mama. Ukubwa nao si rezolusheni: 4K ya inchi 27 ina nukta kama 163 kwa kila inchi, lakini TV ya 4K ya inchi 55 ina 80 tu, chini ya monita ya kawaida ya Full HD ya inchi 24, ambayo ina 92. Sebuleni haina shida. Juu ya meza, ukiwa umekaa nusu mita, utaziona nukta.

Kwa hiyo ukiambiwa "inasapoti 4K", huna haja ya kubishana. Uliza tu, "Sawa kaka, na kioo chenyewe ni ngapi kwa ngapi?" Asipojua, geuzeni monita nyuma, soma namba ya modeli, na muitafute pamoja kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Kama ni 1920 kwa 1080, hiyo ni monita ya Full HD, na inapaswa kuuzwa kwa bei ya Full HD.