Barua tatu za kuingilia maabara

"Dada, PhD nitaisoma na hela gani?" aliniuliza binti mmoja ninayemsaidia hapa Baltimore. Kazaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa wazazi Wakongo. Biokemia anaila kama ugali, lakini alidhani shahada ya uzamivu hulipiwa ada kama ile ya kwanza. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Marekani, idara nyingi za sayansi za tiba humlipia ada mwanafunzi wa uzamivu, kisha humpa posho, mara nyingi zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. Wala si lazima upitie uzamili.

Kinachowakwamisha hasa vijana kama yeye ni barua za mapendekezo. Nimesoma maombi mengi, na faili huanguka palepale: barua tatu za walimu, zote zikisema "alihudhuria vizuri, alipata A". Hiyo si barua, ni risiti.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wao wa uzamivu. Si alama za GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza, si za darasani, hata muda waliowahi kukaa maabara, vilivyobashiri nani angechapisha makala nyingi. Kilichowatofautisha ni jinsi walioandika barua walivyowasifu. Ni chuo kimoja tu, sawa, lakini tangu hapo idara nyingi zimeacha kudai GRE, na barua imezidi kuwa nzito.

Sasa, barua ya maana huandikwa na mtu aliyekuona jaribio likikugomea mara nne, nawe ukarudi Jumatatu na wazo jipya. Binti wangu jioni alikuwa akipakia mizigo ghalani. Angejitoleaje maabara bure wakati nyumbani wanadaiwa kodi?

Ndiyo maana nausifu mpango wa Meyerhoff wa UMBC, chuo kikuu cha jimbo la Maryland, ulioanzishwa 1988 na Freeman Hrabowski kwa fedha za Robert Meyerhoff. Ulianza na vijana wa kiume weusi. Leo uko wazi kwa wote. Huwakutanisha kiangazi kabla ya muhula wa kwanza, huwasomesha kwa vikundi, huwafadhili, na mapema huwaingiza maabara. Kizzmekia Corbett, aliyehitimu 2008, alikuja kuwa miongoni mwa wanasayansi wakuu wa chanjo ya UVIKO-19 ya Moderna upande wa NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani.

Kwa waliokwisha hitimu palikuwa na mpango wa NIH uitwao PREP: mwaka mmoja au miwili ya utafiti wa kulipwa kabla ya kuomba uzamivu. Ilitaka uraia au grinikadi, ambayo mkimbizi huweza kuiomba akishatimiza mwaka nchini. Mwaka 2025 serikali ilianza kukata fedha za mipango ya namna hii, na mimi bado sijapoa hasira.

Kwa hiyo siku hizi nawaelekeza kwenye ajira ya ufundi wa maabara. Mshahara si wa kujivunia, ila unakaa meza moja na mtafiti siku tano kwa wiki. Binti aliacha ghala, akaajiriwa hivyo.

Juzi kaja kuniuliza namna ya kuomba barua. Nimemwambia: omba mwezi mmoja kabla, peleka na wasifu wako, na uliza waziwazi, "Profesa, unanifahamu kiasi cha kuniandikia barua nzito?" Akisitasita, mshukuru, kabishe mlango mwingine.